Glovu zimeisha, mashine bado iko kwenye boksi

Mhariri,

Kila ugeni unaotufikia huja na swali lile lile: mnahitaji mashine gani? Mimi ni mkunga katika zahanati iliyo mbali na barabara ya lami, na swali hilo nimelijibu hadi nimechoka. Naomba nafasi nilijibu mara moja kwa wote.

Mashine tunayo. Ni ya kutengeneza oksijeni, na haijawahi kutoka kwenye boksi kwa kuwa inataka umeme usiokatika, nasi tunategemea sola ambayo usiku haufiki mbali imeshachoka. Juu ya boksi hilo tunapanga kadi za kliniki. Ni imara, sikatai.

Kilichonifanya niandike ni oksitosini, sindano anayochomwa mama akishajifungua ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto hupungua nguvu, na kwa macho huwezi kujua: dawa ni maji safi kama jana. Chanjo afadhali, nyingi zina kialama cha mraba kinachokolea rangi zikipigwa na joto. Kichupa cha oksitosini yetu hakina.

Usiku mmoja nilichoma, nikashika tumbo, likabaki tepetepe. Nikachoma tena. Damu ikawa inakuja tu. Hospitali ya rufaa ni mwendo wa saa tano, mto ukiwa haujajaa. Nikavaa glovu, jozi ya mwisho iliyokuwepo, nikaubana mji wa mimba kwa mikono miwili, mmoja ndani na mmoja juu ya tumbo, hadi vidole vikafa ganzi. Mama yule yuko hai. Asubuhi tukagundua friji ilikuwa imezima, kimeungua kidude cha kuchajia betri kinachoenea kwenye kiganja. Mradi ulioileta friji ulishafungwa, na hakuna aliyeachiwa kazi ya kuitengeneza. Fundi tulimngoja wiki sita.

Sasa hebu fikiria: zipo dawa za kuzuia damu hiyo zisizohitaji friji. Kuna vidonge vya misoprostoli. Kuna kabetosini inayostahimili joto, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Sijamwona mgeni aliyekuja kupiga picha na katoni ya vidonge.

Kwa watoto ni hivyo hivyo. Anayeharisha anaokolewa na zinki na pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji. Homa ya mapafu inaanza kutambuliwa kwa kuhesabu pumzi dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na kuendelea kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni hatari. Mhudumu wetu wa jamii hufanya hivyo kwa saa yake ya mkononi. Majuzi alikuja amebeba mtoto wa watu mgongoni, mama yake nyuma, akaniambia kabla ya salamu, “Sitini na mbili, dada.” Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Halipwi kitu, anaitwa wa kujitolea, ingawa tangu 2018 Shirika la Afya Duniani hilo hilo linashauri watu kama yeye walipwe.

Kwa hiyo mgeni ajaye nitampa leja ya stoo aisome: glovu, sifuri, zinki, sifuri, betri za kipimajoto, tuliazima. Akiweza, atuachie namba ya fundi na fedha za kumwita.

Na kama kuna zahanati yenye umeme wa uhakika, waje walichukue lile boksi. Kadi tutazipanga mezani.

Mkunga, zahanati ya mbali