Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kabla ya Krimu, Tuijue Ngozi

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika, hasa mliotoka Mbagala na Bunju mkapambana na foleni. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, kwa hiyo sitazigusa, ila nawaomba ambao hawajalipa ada walipe. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: namna ya kuitazama ngozi ya mtu mwenye afya bila kuikata wala kuikwangua, ili tujue kama losheni na krimu zetu zinafanya kazi.

Mtakumbuka lilivyoanza. Mwenzetu mmoja anayetengeneza losheni alituletea picha za mteja, za kabla na za baada ya kupaka. Tofauti ilikuwa kubwa, tukapiga makofi. Kisha dada mmoja wa maabara akauliza zilipigwa wapi. Ya kwanza ilipigwa dirishani asubuhi; ya pili usiku chini ya taa, na simu ilikuwa kwenye ile hali ya kulainisha uso. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Lakini tangu siku ile kamati yenu iliamua kwamba chama hakitapokea tena ushahidi wa namna hiyo, na uamuzi huo nausimamia.

Mgonjwa akikatwa kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, anapata faida ya kujua kinachomsumbua. Aliyejitolea akiwa mzima hana faida hiyo. Hatuna haki ya kumrudisha nyumbani na kovu kwa sababu ya krimu, tena ngozi nyeusi ndiyo inayoongoza kwa kuota keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua. Majaribio ya wanyama nayo yanafungiwa milango: tangu mwaka 2013 Umoja wa Ulaya haukubali sokoni kwake kipodozi kilichojaribiwa kwa wanyama. Kilichobaki ni kumpima mtu kwa upole.

Vifaa vipo, na kila kimoja hufika kina chake. Demoskopi, ile lenzi yenye taa inayokuza mara kumi, inaonyesha uso wa ngozi na rangi iliyo chini yake kidogo. Altrasaundi ya megahezi 20, inayotumia mawimbi ya sauti, inapima unene wa ngozi yote, na kwenye ngozi iliyochoshwa na jua huonyesha utepe mweusi chini tu ya tabaka la juu. Kilichonigusa zaidi ni hadubini ya leza iitwayo konfoko. Mwanga wa leza yake huwa na urefu wa wimbi wa nanomita 830, nao huingia kama maikromita 200 tu, sawa na karatasi mbili za daftari. Ndani ya karatasi hizo mbili unaziona seli moja moja, mtu akiwa amekaa kitini anaongea nawe. Zimepangana kama sega la asali.

Chama chetu hakina mashine hiyo na sitawaahidi kuinunua. Tulionyeshwa picha zake kwenye semina. Kinachong'aa zaidi humo ni melanini, ile rangi asilia ya ngozi. Kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi, pale tabaka la juu linapokutana na la chini, zinaonekana pete zinazowaka, safi kabisa, ambazo kwenye ngozi nyeupe hufifia. Niliguswa sana. Tumezoea kuambiwa rangi yetu inasumbua vifaa, kumbe hapa ndiyo inayotoa mwanga.

Lakini vipimio vya rangi vyenyewe havikuanzia kwetu. Jedwali la mwaka 1975 la Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani aliyegawa ngozi kwa aina, lilitungwa kwanza kwa watu weupe, kujua nani anaungua juani na nani anabadilika rangi. Aina ya tano na ya sita, tulimo wengi wetu, ziliongezwa baadaye. Hata kipimo cha namba kinachotumia mashine ya rangi na kutoa jibu kama nyuzi za pembe huwatia kapu moja wote walio chini ya nyuzi 30 hasi na kuwaita weusi, basi. Simama kituo cha daladala Kariakoo dakika tano uhesabu rangi za watu wa kapu hilo! Ndiyo maana nasisitiza tuanze na daftari letu wenyewe la vipimo vya ngozi nzima, yaani zisizo na ugonjwa, za watu wa Dar es Salaam.

Kazi hiyo tumeianza kwa vifaa vidogo: demoskopi ya kubandika kwenye simu, kipima unyevu na mashine ya rangi. Tulijikwaa mapema. Maabara za wenzetu hupima kwenye nyuzi joto 20 hadi 22, mtu akiwa amepumzika robo saa au zaidi. Sisi tulimpima mtu aliyeshuka bodaboda mchana wa Machi, na kipima unyevu kikasoma jasho lake. Sasa kiyoyozi kinawashwa mapema, mtu anakaa kwanza, na kigasha kimoja kinapakwa losheni huku kingine kikiachwa. Bila hicho cha pili, ngozi iliyopimwa masika na kurudiwa kipupwe itabadilika yenyewe, na sifa zitakwenda kwa losheni.

Gumu zaidi ni mkorogo. Ukimuuliza mtu kama anapaka, atakataa, na simlaumu, kwa sababu tunauliza kwa sauti ya hakimu. Mikorogo mingi ina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, nazo huikondesha ngozi. Vipimo vya mtu huyo vikiingia kwenye daftari kama vya ngozi nzima, daftari lote limeharibika. Wahudumu wetu wa saluni ndio waliotuokoa. Walishauri tuache kuuliza, tumwombe kila mtu aje na chupa na makopo yake yote, awe anapaka mafuta ya nazi au liwa. Tukishayaona mezani, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Picha za nyuso hatuzitumi tena kwenye makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana, na hata isingekuwepo, uso wa mtu ni wake. Katibu anazitunza kwa namba bila majina.

Daftari limejaa vijana. Wazee ni wachache mno, na wanaume waliozidi miaka sitini hawamo kabisa. Kabla hatujatawanyika, kila mmoja amwandikishe kwa katibu baba, mama, mjomba au shangazi aliye tayari. Asipake kitu kigashani asubuhi hiyo, na asisahau chupa zake.