Lile teke la Chaplin sio la kuchekea tu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kuna msomaji mwenzangu kaandika kwenye ukurasa huu kwamba zile filamu bubu za zamani, zisizo na sauti ya maneno, ni za kuchekea tu, mtu anateleza, anapigwa teke, basi imeisha. Mi nakataa.

Huku Mikindani vijana wanazirusha sana kwenye simu, hasa za yule mchekeshaji Charlie Chaplin, na raha yake hazitaki mtafsiri wa kukupigia kelele kama kibanda umiza. Hata huko Marekani zilipendwa kwa sababu hiyohiyo, mtu katoka zake Italia Kiingereza hajui, analipa senti tano anaingia na anaelewa kila kitu.

Sasa chukua filamu yake The Immigrant (Mhamiaji) ya mwaka 1917. Meli inaingia New York, abiria maskini wanaikodolea macho Sanamu ya Uhuru, hawajamaliza hata kuishangaa wanazungushiwa kamba wote kama mbuzi wa mnadani. Chaplin anaigeukia tena ile sanamu, safari hii anaitazama kwa jicho la pembeni, halafu anamtandika teke ofisa wa uhamiaji. Mwaka huohuo mwezi wa pili Bunge lao lilishapitisha sheria kwamba mhamiaji mtu mzima lazima ajue kusoma ndo aingie. Kwa hiyo wale waliokuwa wanacheka ukumbini walikuwa wanajua wanachocheka, na lile teke wakubwa hawakulisahau, miaka ya 50 Chaplin alipofungiwa kurudi Marekani lilikuwa bado linatajwa.

Ila tusizisifie zote. The Birth of a Nation ya 1915 iliwapaka Wazungu masizi usoni waigize Weusi kama wanyama, Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, wakafanywa mashujaa, na ikaonyeshwa mpaka Ikulu ya Marekani! Mwaka uleule Klan ikafufuliwa. Hiyo nayo ni jamii ya wakati ule, tena inatisha zaidi maana watu walilipa kiingilio wakashangilia. Oscar Micheaux, mtengeneza filamu Mmarekani Mweusi ambaye baba yake alizaliwa mtumwa, mwaka 1920 akatoa Within Our Gates, akaonyesha Weusi wanavyonyongwa na makundi ya Wazungu.

Sasa mhariri, ule ukurasa wenu wa burudani umejaa nani kaachana na nani, tupeni basi hata nusu safu ya mambo haya, sisi wa kusini tutasoma.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara