Mchango wa nyumba ya wazee hapa Benet, mlima Elgon, jamani tushikane mkono

Habari zenu ndugu zangu wote mlio Kampala, Mbale, Kitale na wale wa mbali zaidi. Naandika Kiswahili makusudi, maana nikiandika Kupsabiny, lugha yetu, nusu yenu mtaanza kuulizana amesema nini, na watoto wenu ndo kabisa hawataambulia kitu. Na hilo hasa ndilo limefanya tuwasumbue leo: tunajenga nyumba ambamo wazee watawafundisha watoto lugha na mambo yetu.

Desemba mlipopanda likizo, kijana mmoja wa sekondari, wa kwetu kabisa, alimkuta bibi yake anasafisha kibuyu cha maziwa. Bibi ameshika kijiti kilichoungua mpaka kikawa mkaa, anasugua ndani taratibu, anageuza, anakung'uta, ananusa, anasugua tena. Kijana akauliza, "Bibi, hii ndo jerikeni ya zamani?" Tulicheka mpaka basi. Bibi hakucheka. Kwenye kikao akasema yeye anajua jina la kila ng'ombe kwa rangi yake na mabaka yake, na hana wa kumwachia.

Basi wazee wameamua wenyewe, hakuna mradi uliotoka mjini kutufundisha, tunajenga nyumba moja ya vyumba viwili. Kimoja cha wazee kukaa na watoto likizo, lugha, hadithi, kuchonga mizinga ya nyuki, vibuyu. Kingine cha kurekodi na kutunza. Mwaka jana tulimrekodi mzee mmoja saa mbili nzima akieleza walivyokuwa wanalaza ng'ombe mapangoni, simu ikaanguka kwenye maji, ikafa na kila kitu. Mzee naye ameshatutoka.

Kwa vijana msiojua tulifikaje huku, kwa ufupi tu. Sisi tulikuwa watu wa msituni na wa nyasi za juu za mlima Elgon. 1983 serikali ikatenga hekta 6,000 tuhamie, 1993 mlima ukawa hifadhi ya taifa, wakapima upya wakasema tumevuka mpaka. Tukaenda Mahakama Kuu, na Oktoba 2005 ikatamka kwamba Wabenet ni wenyeji wa asili wa eneo lile na wana haki ya kukaa na kulima, tena serikali irekebishe mambo ya shule na afya. Karatasi nzuri sana ile. 2008 watu wakafukuzwa tena, na mpaka leo wapo wanaoishi kwenye kambi za muda ambako hata nyumba ya kudumu huruhusiwi kujenga. Ndiyo maana hatukujenga kule, mzee mmoja ametoa kipande cha shamba lake upande wa chini ambako hakuna ubishi wa mpaka, na kakubali mbele ya mwenyekiti wa kijiji, imeandikwa.

Sasa pesa. Mawe tumeshapasua wenyewe, nguzo za kalitusi zipo, mchanga punda wanapandisha. Kilichobaki ni mabati 42, saruji mifuko 25, milango na madirisha, fundi, sola ndogo na kifaa cha kurekodia ambacho siyo simu ya mtu. Jumla shilingi milioni 4 na laki 8 za Uganda, zimeshaingia milioni 1 na 150,000, nyingi kutoka kwa akina mama wa vitunguu na viazi hapahapa. Bati moja ni kama 40,000, ukiweza moja sawa, wawili mkishirikiana sawa pia.

Najua mnakumbuka ule mchango mwingine ulioishia hewani, sitataja mtu. Safari hii mweka hazina ni mama, risiti zote zinapigwa picha na kuwekwa kwenye grupu siku hiyohiyo, na namba yake ya kutuma mnayo. Wa Kitale mpeni kijana wetu wa pale Suam mpakani, atabadilisha shilingi za Kenya.

Na kama huna hela, pekua simu zako za zamani. Sauti ya babu kwenye harusi, video ya matanga, chochote chenye mzee anaongea, tutumie.

Harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, palepale shambani. Chai na viazi vipo. Mje na watoto, na mbebe masweta, baridi ya huku mnaisahau haraka sana mkishafika Kampala.