Kwa mhariri anayetaka kuchukua fomu

Columbus, Ohio

Kaka yangu, Mheshimiwa mtarajiwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ni baridi tu inayotufanyia vituko. Shemeji alinipigia kabla hujaniambia mwenyewe, kwa hiyo habari za ubunge ninazo. Nimeona nikuandikie barua, maana sauti za WhatsApp najua husikilizi mpaka mwisho.

Kuna mji mdogo kaskazini ya hapa, mwendo wa saa moja kwa gari, unaitwa Marion. Mwaka 1884 kijana ambaye hajafikisha hata miaka 20, Warren Harding, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alishirikiana na wenzake wawili wakanunua gazeti lililokuwa linakata roho, Marion Star, kwa dola 300. Haukupita muda wenzake wakajitoa, akabaki nalo peke yake: habari zake, matangazo yake, madeni yake. Nadhani hapo umeshajiona.

Gazeti lilipata nguvu zaidi baada ya kumwoa Florence Kling mwaka 1891. Shemeji naye apasome hapa. Baba yake Florence alikuwa tajiri wa mji na hakutaka hata kumsikia huyo mkwe. Florence akaingia ofisini, akashika usambazaji na makusanyo, akawapanga vijana wa kuuza magazeti mpaka wakanyooka. Mmoja wa vijana hao, Norman Thomas, alikuja kugombea urais mara sita kwa tiketi ya Wasoshalisti. Hakushinda hata mara moja, lakini siasa alizianzia kwenye fungu la magazeti ya Harding.

Harding mwenyewe alikuwa mtu wa watu. Aliwaagiza waandishi wake watafute pande zote mbili za kila jambo, wausifu mji wala wasiuponde, wala wasiiaibishe familia isiyo na kosa. Sheria nzuri hizo, hasa kwa mtu ambaye muuza duka anayemnunulia tangazo ndiye anayekaa naye benchi moja kanisani. Akaanza kupanda: Seneti ya Ohio mwaka 1899, kisha naibu gavana, akaanguka ugavana mwaka 1910, akaenda Seneti ya taifa uchaguzi wa 1914. Mwaka 1920, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican wa kuteua mgombea urais kule Chicago, vigogo walipokabana koo wajumbe walimwangukia yeye katika duru ya kumi. Hakuwa chaguo la kwanza la wengi, ila hakuwa na adui. Umeelewa maana yake? Miaka yote ile ya kutomuudhi mtu ndiyo iliyompa tiketi.

Kampeni alizifanyia nyumbani, kibarazani. Watu zaidi ya laki sita, ndivyo inavyotajwa, walimfuata kwa treni mpaka Marion. Mpinzani wake, James Cox, naye alikuwa mwenye gazeti wa Ohio hii hii, kutoka Dayton. Harding alipata asilimia 60 ya kura, mwaka wa kwanza wanawake wa nchi nzima kupiga kura ya urais.

Sasa Ikulu. Aliwahi kuwasimulia waandishi kwamba baba yake alimwambia ni bahati hakuzaliwa msichana, kwani angekuwa mjamzito kila siku: hajui kusema hapana. Marafiki walitaka vyeo, akawapa. Waziri wake Albert Fall alipokea hongo za wenye mafuta, akawapangisha visima vya akiba ya jeshi la majini, na mwisho akafungwa jela. Rafiki mwingine aliyempa cheo aliuza kinyemela vifaa vya hospitali za maveterani. Harding hakuonekana kula hata senti, na ujasiri alikuwa nao siku nyingine: mwaka 1921 alisimama Birmingham, Alabama, akawaambia Wazungu uso kwa uso kwamba Mweusi apewe haki ya kura. Lakini rafiki hakuweza kumkatalia. Alimlalamikia William Allen White kwamba maadui hawamsumbui. Wanaomkosesha usingizi ni marafiki zake. Akafa San Francisco, Agosti 1923, kashfa kubwa zikiwa bado hazijalipuka.

Huyo White naye alikuwa mhariri wa mji mdogo, Emporia, Kansas. Mwaka 1924 aligombea ugavana bila chama, akijua atashindwa, ili tu apate jukwaa la kuwatandika Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi. Akawa wa tatu, akarudi mezani kwake kuandika.

Mimi ningekuwa mpiga kura wa Lindi, ningekuuliza kuhusu ile habari ya malipo ya ufuta. Wakulima walikuletea stakabadhi zao mkononi, ukazipiga picha, ukaandika kurasa mbili, halafu ikalala kabatini kwa sababu mwenyekiti wa chama cha msingi ni mjomba wako. Mjomba huyo huyo ndiye atakayekuzungusha kwa wajumbe wakati wa kura za maoni. Ukipita, atakuja na orodha.

Ichapishe kabla hujachukua fomu. Ukiichapisha na bado wajumbe wakakutaka, nitachangia mafuta ya gari la kampeni, na fulana nitatuma. Usipoichapisha, sichangii, na shemeji nimeshamwambia.

Halafu gazeti unamwachia nani? Yule binti wa matangazo anaandika vizuri kuliko wewe. Nijibu kwa maandishi.

Wasalimie watoto na Mama.

Ndugu yako wa Columbus