Laki hatukuipata kwa Waarabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe jambo moja lililoandikwa katika safu yenu ya lugha, kwamba majina ya hesabu kubwa, kuanzia mia hadi laki, tumeyapata yote kwa Waarabu. Mia na elfu ni kweli. Laki hapana. Muuza mitumba wa Kiboriloni akikwambia mzigo ni "milioni moja, laki mbili, elfu nane na mia tano", amekutajia bei yenye asili nne: milioni ya Wazungu, elfu na mia za Waarabu, moja, mbili, nane na tano za Kibantu, na laki ya Bara Hindi.

Mzizi wake ni laksha ya Kisanskriti, iliyokuwa na maana ya alama kabla haijawa jina la 100,000. Katika Kiprakriti, yaani lugha za watu wa kawaida zilizokua kando ya Kisanskriti cha makuhani na vitabu, k na sh zilizogusana ziligeuka kkh: laksha ikawa lakkha, kama vile akshi, jicho, ilivyokuwa akkhi.

Kutoka lakkha kila mkoa ulishika njia yake. Kihindi, Kigujarati na Kimarathi vilipunguza k mbili ikabaki moja, vikafidia kwa kuvuta irabu: laakh. Kipunjabi kilishikilia k mbili na irabu fupi: lakkh. Hiyo ni kanuni, maana neno la mkono limepita njia hiyohiyo: hattha ya Kiprakriti ni haath kwa Mgujarati na hatth kwa Mpunjabi. Hapa Moshi na Arusha lugha hizo mbili bado zinasemwa majumbani, na mwenye sikio jepesi ataisikia tofauti hiyo. Kusini mwa India, Kitelugu na Kikannada, ambazo ni za ukoo mwingine kabisa, zilichukua laksha ya vitabuni bila kupitia Kiprakriti. Kitamili kiliongeza i mbele, kikasema ilatcham, kwa kuwa maneno yake ya asili hayaanzi na l.

Ushahidi kwamba laki si ya Kiarabu umo katika hiyo kh. Kh ya Kiarabu ikiingia Kiswahili huwa h: khabar ni habari, khatar ni hatari, khamsini ni hamsini. Laakh ingekuwa na kh ya namna hiyo, leo tungesema "lahi". Kh ya Kihindi ni k inayofuatwa na pumzi. Pumzi ikapotea, k ikabaki, nasi tukaweka i mwishoni kama tulivyofanya kwa benki na cheki. Waajemi wanayo lak, na hata Kiarabu chenyewe kinayo, lakini wote waliichota India.

Kuna jambo linalonivutia zaidi. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo mfalme Ashoka wa India alichonga matangazo yake mwambani kwa Kiprakriti. Tangazo la 13 linahesabu waliohamishwa kwa nguvu katika vita vya Kalinga, 150,000, na waliouawa, 100,000. Mchongaji hakuandika lakkha. Aliandika "mia-elfu", maneno mawili yaliyounganishwa. Lakini ile 150,000 aliiandika kama mia-elfu moja na nusu, na neno lake la "moja na nusu" ndilo lililozaa derh ya Kihindi cha leo. Derh laakh, anasema Mhindi. Laki moja na nusu, tunasema sisi. Hesabu ileile, mpangilio uleule.

Tusiichanganye laki na lakiri, ile nta ya kufungia bahasha za serikali. Lakiri imetufikia kupitia lacre ya Kireno, na babu yake ni laakshaa, utomvu wa mdudu. Huwa inasemwa kwamba utomvu huo uliitwa hivyo kwa sababu ya malaki ya wadudu wanaoutoa. Kisanskriti huyatenga maneno hayo mawili kwa urefu wa irabu, na yalikuja kufanana baadaye tu, Kihindi kilipovuta a ya lakkha.

Kwa wanaopokea ankara za vipuri au makadirio ya matibabu kutoka India, haya yana faida ya mfukoni. Sisi tukifika laki tisa tunahamia milioni. Wao huendelea hadi laki 99, na laki 100 ni karor, yaani milioni 10. Mikato yao hufuata hesabu hiyo: tarakimu tatu za kwanza kutoka kulia, kisha mbilimbili. Laki moja ni 1,00,000 na karor ni 1,00,00,000. Kosa linalotokea ni mtu kuona 12,50,000, akadhani sifuri moja imesahaulika, akaiongeza; deni la milioni moja na robo likageuka milioni kumi na mbili na nusu. Usiongeze kitu. Futa mikato yote, kisha hesabu tarakimu: sita ni laki, saba ni milioni, nane ni makumi ya milioni. Ndipo uweke mikato yako upya, tatutatu kutoka kulia. Rupia 3,75,000 ni 375,000, laki tatu na elfu sabini na tano. Fanya hivyo kabla ya kugeuza rupia kuwa shilingi.

Msomaji wenu,
Moshi