Risala ya Wahitimu wa Kozi ya Usingizi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Wagonjwa hutuuliza, "Ni ganzi au nusu kaputi?" Wakivutishwa nusu kaputi, hudhani dawa yote imeishia mwilini. Sivyo. Sevoflureni, kwa mfano, mwili huvunja asilimia 2 hadi 5 tu. Iliyobaki hutoka na pumzi jinsi ilivyoingia, ikafuata bomba hadi nje. Hospitali moja tuliyofanyia mazoezi, bomba hilo limetokezea dirishani, limeshikizwa kwa plasta ya vidonda, na chini yake zimeanikwa shuka za wodini.

Huko nje dawa hizi hupasha dunia joto. Kilo moja ya desflureni, dawa nyingine ya kuvuta, kwa hesabu ya miaka 100, ni sawa na zaidi ya kilo 2,500 za hewa ya ukaa. Uskoti iliiacha katika hospitali zake za umma mwaka 2023. Sisi tumekutana nayo vitabuni tu, kwa hiyo hapo hatuna cha kujisifia.

Letu sisi ni lita za hewa tunazofungua kwenye mashine. Ukifungua hewa safi inayobeba dawa lita 6 kwa dakika, unamwaga dawa kuliko mwenzako aliyeshusha hadi lita 1, na mgonjwa analala vilevile. Lakini ukishusha, mgonjwa huvuta tena pumzi yake, hivyo inatakiwa chokaa ya kunyonya hewa ya ukaa anayoitoa ndani ya mashine. Siku moja tuliikuta imeshageuka zambarau, maana yake imechoka, na stoo hakuna. Mwenzetu akafungua lita 6 hadi mshono wa mwisho. Angefanyaje? Mgonjwa kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba chokaa iingie kwenye oda ya kila robo mwaka kama glovu zinavyoingia. Tunaomba vipimo vya oksijeni kwenye mashine, kwani bila hivyo kushusha lita ni kubahatisha na roho ya mtu. Na jengo jipya la upasuaji lisiwekewe mabomba ya naitrasi oksaidi, gesi nyingine ya usingizi, ukutani. Mitungi midogo inatosha. Hospitali za Lothian, Uskoti, zilipopima zilikuta sehemu kubwa ya gesi hiyo inavujia njiani, nayo hukaa angani zaidi ya miaka 100.

Ganzi ya mgongo kwa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji tutaendelea nayo. Hiyo haihitaji bomba la dirishani.

Tunaomba kuwasilisha.