Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wenye kinga dhaifu ya mwili, salaam. Vikao vinne vya mwaka vimefanyika, wagonjwa tumewatembelea, hesabu za mhazini mnazo, hapo sina la kuongeza.

Niende kwenye lile linalosemwa pembeni, eti mwenyekiti kafuta kambi ya msituni kwa woga wake. Ndio, nilifuta mimi, na hata leo ningefuta. Kati yetu wapo waliotolewa bandama, wapo wanaochomwa rituksimabu, dawa inayoshusha kinga, kwa ajili ya limfoma, saratani ya tezi za limfu, na msitu ule una kupe. Mwenye kinga nzima akipata babesia, vijidudu vya kupe vinavyoingia kwenye chembe nyekundu za damu, anaweza asijue kabisa kama aliugua, lakini asiye na bandama hana cha kuzichuja zile chembe nyekundu zilizoingiliwa, vijidudu vinazaana tu, damu inapungua, mapafu na figo vinaweza kufeli. Mtu wa kwanza kabisa kujulikana kafa na ugonjwa huu, 1957 kule Yugoslavia, alikuwa mfugaji aliyetolewa bandama!

Mlisema tungevaa soksi juu ya suruali na kupaka dawa ya wadudu, sawa, inasaidia, ila kupe mchanga ni kama nukta ya kalamu, nani atamwona mgongoni? Chanjo hakuna. Wengine hutumia dawa siku 7 hadi 10, sisi ni dawa mbili, atovakuoni na azithromaisini, wiki 6 au zaidi, na zile wiki 2 za mwisho damu iwe haionyeshi kijidudu, na bado ugonjwa unaweza kurudi. Mwenzetu mmoja kapitia hayo mnamjua, sikutaka awepo wa pili.

Hela ya kambi ndiyo iliyochapisha kadi za kubeba mfukoni, maneno niliyaandika mwenyewe kwa usiku tatu: kinga yangu dhaifu, nikiwa na homa nipimeni damu kwa darubini mtafute babesia. Maana kwenye darubini inafanana na malaria, na doksisaiklini, antibiotiki inayotibu magonjwa mengine ya kupe, hii haiigusi.

Ada sasa. Tuko 64, waliolipa 23. Mkutano mkuu walikuja 17, na 9 ni kamati, wale waliopiga kelele za kambi sikuwaona hata mmoja, inauma jamani.

Mwakani Mungu akipenda tutatafuta sehemu nyingine ya kukutana, na daktari wa damu aje kuongea nasi. Kadi zilizobaki ziko kwa katibu, chukueni hata kama hamjalipa.